Hodi ya Rupia Mbili

Mlango wangu haubishwi hodi. Unachanjiwa kadi.
Saa kumi alfajiri, uwanja wa ndege wa Bengaluru,
foleni imepinda hadi duka la mito ya shingo,
kila mtu ameshika kadi yake kwa vidole viwili
kama mtoto aliyetumwa dukani na noti asiyoiamini.

Kazi yangu ndogo: napitisha, nasubiri mlio,
zinakatwa rupia mbili, nasema karibu.
Mlio usipokuja nasema samahani.
Samahani naijua kwa lugha nne
na uso mmoja.

Kadi nazijua kuliko watu.
Ya bluu: mara mbili kila miezi mitatu.
Nyeusi: wewe na mgeni, mradi mwezi uliopita ulitumia vya kutosha.
Ya dhahabu iliingia hadi Machi, benki ikageuza masharti,
na mwenyewe barua hakuifungua,
sasa ananifokea mimi kana kwamba mimi ndimi benki.
Yupo Pranesh, mtu wa kompyuta, ana kadi kumi na moja
katika pochi iliyovimba kama shavu lenye jino bovu.
Ada anazolipa kwa mwaka zingemwajiri mpishi,
lakini idli zetu za bure
anazila kwa raha ya mtu aliyeshinda kesi.

Jumanne ile walikuja wawili kutoka Tumakuru.
Baba mbele, shati limepigwa pasi likakakamaa.
Mama nyuma, sari ya kijani na raba mpya za mazoezi.
Baba ndiye aliyetoa kadi.
Jina juu yake: Girijamma.
Kadi ya nyongeza, akaunti ya binti yao aliyeko Doha.

Nikachanja. Mlio.
"Karibu, mama."
Baba akapiga hatua.
"Samahani, baba. Inaingiza mwenye jina."
"Na mimi?"
"Rupia elfu moja na mia tatu."
Akaigeuza kadi, akatazama mgongo wake,
labda lake liliandikwa huko.

Wakanong'onezana. Nilisikia la mwisho tu:
"Nachungulia, narudi."

Mlango ni wa kioo, kwa hiyo niliona.
Mpishi alimwuliza, dosa ya vitunguu au ya viazi?
Akageuka nyuma amwone anayeulizwa.
Kisha akanyoosha mkono kwenye ile iliyoungua pembeni.
Hapo nikamtambua. Aliyezoea kula mwisho
huanza na kilichoharibika;
mama yangu yuko vivyo hivyo.
Mpishi akaiondoa, akammiminia nyingine.

Ya kwanza aliila wima.
Ya pili akakaa.
Kabla ya ya tatu alivua raba,
akaletewa kahawa, akainywa mpaka povu,
akafumba macho, mkoba mapajani,
vidole vya miguu vikicheza peke yao juu ya zulia.

Huko nje, lango la kumi na nne,
baba alifungua pakiti ya biskuti, akaifunga.
Akaja kwangu.
"Yumo?"
"Yumo."
"Anafanya nini muda wote huo?"
Nilikuwa na la kusema.
"Anachungulia," nikasema.

Saa moja na dakika hamsini.
Alitoka na raba zake, kamba zimefungwa vizuri,
harufu ya kahawa ikimtangulia.
Baba akasimama. "Kuna nini humo?"
"Viti," akasema. "Viti tu."

Wakaenda. Akarudi peke yake, haraka,
akaniwekea mezani sarafu mbili za rupia moja moja.
"Zile mlizomkata mwanangu," akasema.
Nikamweleza mashine haipokei sarafu.
Alishafika mbali.

Miaka mitatu nalinda viti hivi, sijakalia hata kimoja.
Sarafu zimo drooni, chini ya kalamu.
Rukhsana wa zamu ya mchana ameniuliza ni za nani
na sikupata jina la kumpa.
Foleni inasukumana. Kadi ya bluu.
Nachanja, nasubiri.